Rungwe Uwanjani: Rekodi Nane za Makabila na Dini

Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ina wanachama 22, idadi kamili ya wachezaji wa timu mbili. Ukizungumzia mchanganyiko wa dini na makabila, watu hukimbilia huko moja kwa moja: Lebanon na madhehebu yake, Misri na Wakopti wake, Oman na Waibadhi wake. Ni mabingwa, hatubishi. Ila huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia miteremko ya Mlima Rungwe hadi mabonde ya Busokelo, kuna mshindani ambaye hakuna aliyewahi kumwalika. Safari hii tumemvalisha jezi. Kanuni ni moja: kila rekodi ipimwe kwa kitu ambacho mtu wa Tukuyu anakifahamu.

1. Kimya kirefu kuliko vyote: tangu 1932

Dhahabu inakwenda Beirut bila mjadala. Lebanon ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1932, Mfaransa akiwa bado mtawala, na tangu hapo haijathubutu tena. Sababu inaeleweka. Rais lazima awe Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Msuni, spika Mshia, na viti 128 vya bunge vimegawanywa nusu kwa nusu kati ya Wakristo na Waislamu. Anayehesabu watu huko anahesabu viti, na hakuna anayetaka kuamka asubuhi akute kiti chake kimehamia kwa jirani.

Fedha ni yetu. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho Tanzania kumwuliza mtu kabila lake na dini yake. Nchi ilikuwa na watu milioni 12 na kidogo. Sensa ya 2022 ilikuta 61,741,120, yaani mara tano. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya kuhesabiwa sasa anafikia umri wa kustaafu, na serikali haijamwuliza hata siku moja anasali wapi. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu vilidai swali la dini lirudishwe, serikali ikakataa. Kwa hiyo ukikutana na mtu kijiweni anakupa asilimia kamili za Wamoravian na Walutheri wa Rungwe, mwulize kwa upole kazipata wapi.

2. Madhehebu kwa kilomita ya mraba: Rungwe yaibwaga Lebanon

Hapa tunaingia ulingoni kwa kalamu na karatasi. Lebanon ina jamii za kidini 18 zinazotambuliwa kisheria, katika eneo la kilomita za mraba 10,452. Gawanya: dhehebu moja kwa kila kilomita za mraba 580. Rungwe, tukihesabu halmashauri zote mbili, Rungwe na Busokelo, ina kilomita za mraba 2,211. Kwa kipimo cha Lebanon tungestahili madhehebu yasiyofika hata manne.

Manne! Hayo unayamaliza kabla hujatoka Tukuyu mjini. Wamoravian, hao wa kwanza. Walutheri, ambao Dayosisi yao ya Konde ina makao yake hapahapa Tukuyu. Wakatoliki. Wapentekoste wa TAG, wanaohesabu mwanzo wao mwaka 1939 na ambao mizizi yao iko katika nyanda hizihizi za Mbeya. Wabaptisti. Wasabato, unaowatambua Jumamosi wanapovaa suti wakati wengine wamebeba jembe. Mashahidi wa Yehova. Waislamu. Halafu kuna Last Church, kanisa lililoanzishwa na Waafrika wenyewe upande wa Nyasaland miaka ya 1920 na likavuka mpaka kuja kwetu. Lilikuwa na jambo moja ambalo wamisionari hawakulitaka hata kulisikia: mwanamume mwenye wake wengi alipokelewa na wake zake wote, bila kuambiwa afukuze hata mmoja.

Tisa, na hatujaanza kuwahesabu walokole wa mahema na wa vyumba vya kupanga.

Haki itendeke: Lebanon ndoa ziko mikononi mwa mahakama za madhehebu, jambo ambalo hapa halipo. Tukishindanishwa kwa mahakama tunafungwa vibaya. Kwa eneo, tunashinda. Hata hospitali zimegawana: Igogwe ya Wakatoliki, Itete ya Walutheri, Makandana ya serikali. Mama mwenye uchungu anakwenda iliyo karibu, na mapokezi hawamwulizi alibatizwa wapi.

Ukitaka kuongeza chumvi, ilete Bahrain. Ufalme mzima, wenye familia ya kifalme ya Kisuni na raia ambao wengi ni Washia, una kilomita za mraba zisizofika 800. Unaingia Rungwe mara mbili na nafasi ya kupanda chai inabaki.

3. Wageni wengi kuliko wenyeji: Qatar

Hapa hatushindani, tunapiga makofi. Qatar, kati ya wakazi kumi, karibu tisa si raia. Chukua Coaster ya Mbeya–Tukuyu yenye abiria 30: wenyeji ni watatu tu, waliobaki wametoka India, Nepal, Bangladesh, Ufilipino, Misri na kwingineko, wakiwamo Wahindu, Wakristo na Wabudha ndani ya nchi ambayo dini yake rasmi ni Uislamu.

Rungwe haikaribii hata kidogo, ila ina wageni wake wa zamani, na inawafahamu kwa kazi. Ingia duka la vifaa Tukuyu. Nyuma ya kaunta kuna Mkinga aliyeshuka kutoka milima ya Makete, anapima misumari kwa mizani huku simu ameibana begani. Mteja ni Mndali kutoka upande wa Ileje. Pembeni Msafwa wa Isongole anasubiri mtu wa kumkopesha mbolea ya viazi. Salamu zinapigwa kwa Kinyakyusa, bei inapiganiwa kwa Kiswahili, na Mkinga akitaka kumwambia kijana wake asipunguze zaidi, anasema kwa Kikinga.

4. Kusubiri kurefu: muumini wa kwanza wa Rungwe, miaka 6

Wamisionari wa Moravian kutoka Ujerumani, wakiwamo Theodor Meyer na Theophil Richard, walifika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891. Mwaka huohuo, ndani ya nchi hiyohiyo, walifika Walutheri wa Misheni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky. Makanisa mawili ya Kijerumani, mwaka mmoja, bonde moja! Wakagawana uwanja kabla hawajagombana: Wamoravian upande wa magharibi, Waberlin mashariki. Ramani hiyo ungali unaisikia leo. Nenda Rutengano, unakuta Wamoravian. Vuka kwenda Manow na Mwakaleli, unakuta Walutheri, na hakuna mtu aliyechora mstari barabarani.

Lakini kugawana uwanja si kufunga goli. Wamoravian wa Rungwe walingoja hadi mwaka 1897 ndipo wakambatiza mtu wao wa kwanza, naye alikuwa mwanamke, Fiabarema. Miaka sita ni safari nzima ya kutoka kidato cha kwanza hadi cha sita, ukiwa na mwanafunzi mmoja tu siku ya mahafali.

5. Zulia la tani 21: Muscat

Oman ni nchi ya pekee duniani ambako Uibadhi, tawi la Uislamu ambalo si la Kisuni wala la Kishia, ndio dhehebu la watawala na la sehemu kubwa ya raia. Waibadhi wengine wako makundi madogo: bonde la Mzab Algeria, kisiwa cha Djerba Tunisia, milima ya Nafusa Libya, na Zanzibar, ambako walipelekwa na utawala wa Waomani.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos mjini Muscat, uliofunguliwa mwaka 2001, unapokea waumini 20,000. Huo ni uwanja wa Sokoine wa Mbeya ukiwa umejaa hadi mageti yanafungwa. Zulia la ukumbi wake mkuu ni kipande kimoja cha mita za mraba 4,343. Ulitandike Sokoine, linafunika zaidi ya nusu ya sehemu ya kuchezea. Uzito wake ni tani 21. Zile Fuso za tani saba zinazopakia ndizi Kiwira zingehitajika tatu, na zisiongeze hata mkungu mmoja.

Kwa ukongwe, pwani yetu wenyewe inajitetea. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia: miaka 784 kabla ya Wamoravian kufika Rungwe. Na usultani uliokaa pwani hiyo una rekodi ya dunia ambayo hakuna anayeionea wivu. Tarehe 27 Agosti 1896, vita kati ya Zanzibar na Uingereza vilikwisha kwa dakika 38 kwa hesabu moja, 45 kwa nyingine. Kwa hesabu ya kwanza, refa asingepuliza hata mapumziko.

Kwetu Uislamu haukuja kwa sultani. Nguvu ya Waswahili na Waarabu wa biashara ya pembe na watumwa iliishia Karonga, kwa Wangonde, ndugu wa damu wa Wanyakyusa. Mlozi, mmoja wa wafanyabiashara hao, aliwasha vita huko mwaka 1887, na vikavuta hadi Desemba 1895 Waingereza walipomnyonga. Miaka minane, ukilinganisha na zile dakika 38. Waislamu wa Tukuyu walikuja kwa njia ya kawaida zaidi: wafanyabiashara na askari wa jeshi la Wajerumani waliokaa kwenye boma, mji ulipokuwa bado unaitwa Neu-Langenburg.

6. Familia nyingi za lugha: Tanzania, nne kwa nne

Tanzania ina makabila zaidi ya 120 na ni nchi pekee Afrika inayowakutanisha wasemaji wa makundi yote manne makuu ya lugha za bara hili: Wabantu kama Wanyakyusa, Waniloti kama Wamaasai, Wakushi kama Wairaqw, na lugha za vidoko kama Kisandawe. Kuna pia Wahadza wa Ziwa Eyasi, ambao lugha yao haijapata ndugu wa uhakika popote duniani. Kwa makadirio ya kawaida hawafiki 1,500. Mabasi 25 ya abiria 60, na taifa zima limepanda.

Katika ligi ya Kiarabu, mpinzani wa kweli hapa ni Sudan. Lakini mshangao wa mashindano ni Komoro, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 1993. Lugha yake ya nyumbani ni ya Kibantu, ndugu wa Kiswahili, na kwa hiyo ni binamu wa Kinyakyusa. Karibu watu wake wote ni Waislamu wa Kisuni wa madhehebu ya Shafii. Mwarabu wa karatasi, Mbantu wa jikoni. Na hao ni wanachama kamili, wanapiga kura kama Saudia.

7. Wafalme wengi, na kazi ngumu kuliko zote: Unyakyusa

Falme za Kiarabu zina watawala saba, na dunia nzima inashangaa jinsi masheikh saba walivyokubaliana kuungana mwaka 1971 na 1972. Unyakyusa ulikuwa na wakuu karibu mia moja! Hiyo ndiyo hesabu iliyowekwa na Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi Rungwe na mumewe Godfrey miaka ya 1930. Mia moja dhidi ya saba. Huo si ushindi, ni mauaji.

Walifikaje mia? Kwa utaratibu ambao hauna mfano wa karibu popote. Mvulana wa Kinyakyusa akifika umri wa miaka kumi hivi, alitoka kwa baba yake akaenda na wenzake wa rika kujenga kijiji chao wenyewe pembeni. Kula walikula bado kwa mama zao, wakizunguka kundi zima leo nyumba hii, kesho ile; kulala walilala kwao. Wakikua wakaoa, wake wakaletwa palepale, na kijiji kikawa cha watu wazima wa rika moja. Baba hakukaa na mwanawe, na baba mkwe hakukutana na mkamwana njiani. Kila kizazi, baada ya miaka kama thelathini, wazee walikabidhi nchi kwa vijana katika sherehe ya ubusoka, na eneo la malafyale, yaani mkuu, likagawanywa kati ya wanawe wawili. Mmoja akawa wawili, wawili wakawa wanne. Hesabu ya darasa la pili inakutosha kuona mia inavyofika. Kitabu cha Wilson kuhusu vijiji hivyo, *Good Company*, kilitoka mwaka 1951, na tangu hapo wanafunzi wa anthropolojia dunia nzima wanaufahamu Unyakyusa hata kama Tukuyu hawawezi kuionyesha kwenye ramani.

Vijiji vya rika vimekwisha; ardhi imejaa chai, kahawa, migomba na watu. Jina lenyewe Wanyakyusa nalo ni kifurushi. Zamani lilikuwa la watu wa uwanda wa Kyela tu. Wa milimani walikuwa Wakukwe, wengine Waselya, Walugulu, Wasaku, na serikali ya Mwingereza ikawafunga wote kamba moja.

Juu ya wakuu hao mia alikaa Lwembe, katika msitu wa Lubaga karibu na Tukuyu. Mvua, rutuba na uhai wa nchi vilikuwa mwilini mwake, na wazee wanamfuatilia asili yake hadi Ukinga, kwa hiyo mwenye kiti kitakatifu kuliko vyote Unyakyusa chimbuko lake lilikuwa kwa majirani. Linganisha sasa na wafalme wa Kiarabu, ambao hugombea kiti. Kiti cha Lwembe watu walikikimbia. Aliyechaguliwa ilibidi akamatwe, kwa sababu kwa simulizi ambazo Wilson aliziandika, Lwembe hakuruhusiwa kufa kwa ugonjwa: akidhoofika, alizibwa pumzi, ili nguvu za nchi zisizikwe pamoja na maradhi. Tafuta cheo kigumu kuliko hicho katika nchi zote 22. Tutasubiri.

8. Kanisa kongwe, waumini wengi: Wamoravian

Na sasa taji. Hapa hatuzungumzii Mbeya wala Tanzania, tunazungumzia dunia.

Kanisa la Moravian lilianza mwaka 1457 katika nchi ya Bohemia, kwa wafuasi wa Jan Hus aliyechomwa moto mwaka 1415. Martin Luther alipopigilia hoja zake mwaka 1517, Wamoravian walikuwa na umri wa miaka 60. Karibu wafutwe kabisa na mateso, wakafufukia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1722, na mwaka 1732 wakaanza kutuma wamisionari kwa watumwa wa Karibiani. Rungwe walifika miaka 159 baadaye. Vita ya Kwanza ya Dunia ikawaondoa Wajerumani, Waskoti wa Livingstonia wakaja kushika kwa muda, na wainjilisti wenyeji wakaendelea kuhubiri kana kwamba hakuna aliyeondoka.

Matokeo? Wamoravian duniani ni zaidi kidogo ya milioni moja, na zaidi ya nusu yao ni Watanzania. Si Wajerumani, si Wacheki waliolianzisha, si Wamarekani wenye pesa. Sisi! Wakopti wa Misri ni wengi zaidi, milioni kumi hivi, zaidi ya mara nne ya watu wote wa Mkoa wa Mbeya, na hilo ndilo kundi kubwa la Wakristo katika nchi yoyote ya Kiarabu. Lakini Wakopti wako kwao, walikoanzia. Wamoravian wa Tanzania wamechukua kanisa la watu wengine na kuwapita wenyewe kwa idadi, ndani ya karne moja na ushee.

Ushahidi uko Jumapili asubuhi, barabara ya Rungwe Misheni. Wamama wanashuka kwaya kwa kwaya wamevaa sare za vitenge, na kwenye kitenge, mara nyingi mgongoni kabisa, kuna yule Mwanakondoo aliyebeba bendera, alama ya kanisa tangu Ulaya. Ita mahudhurio ya darasa la watoto: Ipyana, Lusajo, Atupele, Lugano, Tusajigwe. Kila jina ni shukrani kwa Mungu, hata mtoto mwenyewe akiwa mtundu wa kutisha.

Herrnhut yenyewe, mji mama, tangu 2024 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ina wakazi kama 6,000. Waalike wote Mbeya na watajaza karibu theluthi moja ya Sokoine. Kisha waite Wamoravian wa Tanzania: Sokoine inajaa mara 25, na foleni ingali imesimama Uyole.